Mama Cheche na Wasichana wa Jumatano

Mara ya kwanza shemeji yangu kufika kwenye karakana yetu, alikuja kugomba. Mkononi alikuwa na kamba ya katani, na nyuma yake mkokoteni ulikuwa umebeba fremu ya dirisha ambayo kaka yangu alikuwa amemtengenezea mama wa shemeji wiki iliyotangulia. Kaka akamwambia fremu ile haina kasoro. Yeye hakubishana. Aliilaza chini, akavuta kamba kutoka kona hadi kona ya mkabala, akaibana kwa ukucha pale ilipoishia, kisha akaipeleka kwenye kona mbili zilizobaki. Kamba ikapungua kwa upana wa vidole viwili.

"Haya, fundi," akasema, "hivi vidole viwili ni vya nani?"

Kaka aliichomelea upya siku hiyohiyo, na baada ya miezi minane akamwoa. Watu wa mtaani husema alimwoa ili asirudi tena kama mteja. Mimi nilikuwepo, nimeshika mwisho wa pili wa kamba, na nijuavyo mimi, aliyechagua ni shemeji.

Alijifunza kuchomelea akiwa na mimba ya kwanza, kwa kutazama. Ya pili ilipokuja, tayari alikuwa anamsahihisha kaka. Sasa kaka ni msimamizi wa ujenzi huko mbali, anarudi mara moja kwa mwezi, na karakana tumebaki nayo sisi wawili. Shemeji anachomelea, mimi nakata na kutoboa. Ni chumba kirefu cha mabati, chenye jiriwa tatu za kubania vyuma, zilizofungwa kwenye meza nzito, na sakafu iliyo nyeusi kwa unga wa chuma tangu enzi za baba. Ukutani kila spana imechorewa umbo lake kwa chaki, ili ijue kwake. Hiyo ni kazi ya shemeji. Kabla yake spana zetu zililala popote usingizi ulipozikuta.

Mtaa mzima unamwita Mama Cheche. Ana kovu dogo kidevuni la cheche iliyopita chini ya kinyago, na sauti ya kushinda mashine ya kukatia. Anaongea akipima, anaongea akikata, akivaa kinyago anaongea na kinyago. Mimi si mtu wa maneno. Niliishia darasa la saba, na mbele ya watu ulimi wangu hugeuka gogo. Kwa hiyo tunaelewana vizuri: yeye anasema ya wawili, mimi nasikiliza ya wawili.

Yeye aliacha shule kidato cha pili, baba yake alipougua. Akikumbuka shule, hakumbuki kuacha. Anakumbuka kabati la vioo lililokuwa ndani ya chumba cha sayansi, na hadubini iliyokuwa ndani yake, ile ya kutazamia vidudu visivyoonekana kwa macho. Kabati lilikuwa na kufuli.

"Niliichora ile hadubini mara nne, shem," huniambia. "Nikapata tisa kwa kumi. Sikuigusa hata siku moja. Mpaka leo sijui ni nzito au nyepesi."

Shule ya msingi tunapakana nayo ukuta kwa ukuta. Siku moja mwalimu wa sayansi, dada mmoja kijana mwenye haraka ya kutembea, alikuja kuomba vipande vya vyuma vilivyobaki. Alitaka kuwaonyesha wanafunzi jinsi roda inavyonyanyua mzigo, maana kitabu kina picha tu.

"Ila sijui kama itasaidia," akasema. "Kila nikileta kitu darasani, wavulana wanashika, wasichana wanaandika. Mwisho wa kipindi wasichana wana madaftari mazuri sana."

Shemeji akazima mashine. Niliposikia kimya kile nilijua kuna jambo.

"Mwalimu," akasema, "vipande usichukue. Lete wasichana."

Ndivyo ilivyoanza. Kila Jumatano baada ya masomo, wasichana kumi na mmoja wa darasa la tano hadi la saba walipita lango dogo na mwalimu wao, wakaingia kwetu. Sheria zilikuwa nne, na shemeji alizisema kila mara kana kwamba hawajawahi kuzisikia. Nywele zifungwe. Vidole vya miguu vifunikwe. Miwani ya kinga isitoke usoni. Na umeme wa kuchomelea ni wake peke yake, asiujaribu mtu. Wao watapima, watakata kwa msumeno, watapiga tupa, watatoboa kwa drili ya mkono, watafunga kwa nati na bolti.

Somo la kwanza lilikuwa kamba, kona hadi kona. Kufika Jumatano ya pili walikuwa wamepima kila kitu chenye pembe nne shuleni, na wakagundua kuwa mlango wa ofisi ya mwalimu mkuu umekwenda upande. Wakamwendea kumwambia. Mwalimu mkuu alisema ahsante, lakini tangu siku hiyo kila akifunga mlango ule aliutazama.

Mimi waliniita Mjomba Kimya. Kazi yangu ilikuwa kusimama karibu na jiriwa na kushika mkono wa anayekata vibaya.

"Leo Mjomba Kimya kasema 'polepole' mara mbili," mmoja akasema.

"Na 'kidole'," mwingine akaongeza.

"'Kidole' lilikuwa onyo, halihesabiwi."

Kati yao alikuwemo mmoja wa darasa la sita, mwembamba, macho makubwa nyuma ya miwani ya kinga iliyomzidi uso. Huyo walimwita Kwanini, na jina hilo alilifanyia kazi. Kwa nini tupa inakwenda mbele tu? Kwa nini chuma kinapata moto kikikatwa na ubao haupati? Shemeji alimjibu maswali matatu, la nne akasema, "Kwanini, niache nipumue, bado nina miaka ya kuishi."

Huyo Kwanini baba yake anauza vitambaa, na ndiye mwenyekiti wa kamati ya wazazi. Jioni moja mama yake alimchana nywele, unga wa chuma ukamwagika kwenye kanga. Wakatazama sweta la shule, wakakuta tundu. Kesho yake baba alikuwa ofisini kwa mwalimu mkuu kabla ya kengele. Alisema mtoto anapelekwa shule akasome, si akawe fundi wa mageti, na kwamba wazazi wengine wanasema hivyohivyo ila wanaona aibu.

Mwalimu mkuu akamwita shemeji. Mimi nilimsindikiza, nikasimama mlangoni, ule uliokwenda upande.

"Ijumaa ya wiki ijayo kuna mkutano wa wazazi," mwalimu mkuu akasema. "Jumatano zenu zimo kwenye ajenda. Wakikataa, nafunga. Mimi siwezi kuwatetea kwa maneno, Mama. Nipe kitu cha kuwaonyesha."

Shemeji akatazama nje ya dirisha. Shule ilikuwa na bomba moja tu la maji, karibu na jiko. Watoto wa darasa la kwanza walilifungua kwa mikono yenye matope na kuliacha likimwaga.

"Hicho kitu kitakuwa cha kunawia mikono," akasema.

Wasichana wakachora. Pipa la lita sitini juu ya miguu minne ya chuma. Chini ya pipa, tundu lenye kizibo cha mpira. Fimbo ya chuma inasukuma kizibo juu, maji yanatoka, ukiiachia kizibo kinarudi. Na cha kuisukuma fimbo ni kanyagio: chuma bapa cha mita moja kilicholala kama ubao wa bembea ya kupanda na kushuka. Unakanyaga huku, kule kunapanda. Hakuna anayegusa bomba kwa mkono.

Walikata wenyewe na kupiga tupa wenyewe. Ilipofika kuweka ile pini ya katikati, ambayo chuma bapa kinaizunguka, shemeji alishika kinyago.

"Mama Cheche," Kwanini akasema, "kwa nini tusitoboe matundu kadhaa, tufunge kwa bolti? Tukitaka tunahamisha."

"Tuhamishe tuende wapi?"

"Sijui. Kama tumekosea."

Shemeji akacheka. "Mwanangu, bolti ni ya mtu mwenye wasiwasi. Mimi nikichoma, kimechomwa. Mume wangu mwenyewe hajawahi kuona kazi yangu ikibanduka."

Akaiweka pini karibu na upande wa kukanyagia, ili fimbo ipande sana na maji yatoke kwa wingi. Akavuta kinyago, cheche zikaruka, ikawa imekwisha. Akajaza pipa, akakanyaga kwa buti lake la kazi, lenye chuma kwenye vidole. Maji yakatoka kama mvua ya bomba la paa. Nami nikakanyaga kwa buti langu. Mwalimu naye akakanyaga. Tukapongezana. Hivyo ndivyo tunavyojaribu kila kitu pale kwetu: geti tunalipiga teke, kitanda tunakirukia, ngazi anapanda mzito kuliko wote. Kikistahimili buti, kinakwenda kwa mwenyewe.

Jumanne, siku tatu kabla ya mkutano, tulikipeleka hicho kinawio shuleni kwa mkokoteni. Mwalimu akawaita darasa la kwanza wapange mstari. Wa kwanza alikuwa mtoto wa kike mwenye mapengo mawili mbele. Akanyoosha mikono, akakanyaga. Hakuna kitu. Akakanyaga tena. Akapanda juu ya kanyagio kwa miguu yote miwili, akasimama pale kama kuku kwenye fito, mikono imenyooshwa, ikisubiri maji. Kanyagio halikutikisika.

"Limekufa," akatangaza.

Wakajaribu wengine. Wawili kwa pamoja wakapata matone. Wasichana kumi na mmoja walikuwa wamesimama upande, na nilitarajia Kwanini aseme kuhusu bolti. Badala yake aliinama, akaitazama pini.

"Kwa nini?" akauliza, si kwa kuchokoza.

Shemeji aliweka buti lake kando ya kiatu cha yule mtoto wa mapengo.

"Kwa sababu nilipima kwa buti langu," akasema. "Na buti langu halisomi darasa la kwanza."

Kesho yake, Jumatano, tulipokwisha kukirudisha karakana, alifanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Aliwasha mashine ya kukatia na kuikata kazi yake mwenyewe mbele ya wasichana, pini nzima, mpaka chuma bapa kikaanguka sakafuni. Kisha mwalimu akaweka ubao juu ya kipande cha bomba la duara, akawaambia wauchezee. Walipanga mawe mwisho huu na mwisho ule, wakalisogeza lile bomba, wakaandika. Mwalimu alisema lile bomba linaitwa egemeo. Neno hilo mimi nililikariri darasa la sita na kulijibia mtihani, lakini siku ile ndiyo nililiona.

"Likisogea mbali na mguu, kazi inakuwa nyepesi," mmoja akasema.

"Lakini upande wa pili unapanda kidogo," Kwanini akasema. "Maji yatapungua. Kwa hiyo tukitaka wepesi, tunalipa kwa kimo."

"Basi tafuteni bei nzuri," shemeji akasema. "Matundu mangapi?"

"Matano. Kwa bolti," akasema Kwanini, akamtazama kidogo.

"Kwa bolti," shemeji akakubali. "Na usinicheke."

Kutoboa chuma kinene kwa drili ya mkono si mchezo. Jumatano walimaliza tundu moja, wakaanza la pili. Alhamisi mwalimu aliwaombea ruhusa, wakaja tena, wakapokezana, mmoja anazungusha, mmoja anaegemeza kifua, mmoja anadondoshea mafuta. Wakamaliza la pili na la tatu. Kwenye la tatu, mtoto wa darasa la kwanza angepata maji kwa kurukia na miguu miwili. Hesabu yao ilisema la nne ndilo lenyewe, mguu mmoja unatosha. Wakafika nusu ya la nne, ncha ya drili ikakatika ndani ya chuma. Hatukuwa na nyingine ya ukubwa ule, na duka la vifaa lilisema zitafika Jumatatu.

Mwalimu akawarudisha wasichana shuleni. Tukabaki wawili. Nilimwambia shemeji maneno mengi kuliko kawaida yangu.

"Shem, pale kwenye la nne choma pini tu. Dakika kumi. Kesho watoto wanakanyaga, maji yanatoka, wazazi wanapiga makofi, Jumatano zinabaki. Matundu watatoboa baadaye."

Alishachukua kinyago. Alikishika, akakigeuza, akatazama ndani yake kana kwamba kuna mtu.

"Umesema kweli," akasema. "Itafanya kazi. Lakini itakuwa yangu, na hapa hakuna aliyeuliza kama mimi najua kazi."

"Wakifunga je?"

"Wakifunga, wamefunga cha kwao, si cha kwangu." Akakitundika kinyago msumarini. "Nenda nyumbani, shem. Umeongea mno leo, utaugua."

Ijumaa wazazi walijaa darasa kubwa, wengine kwenye madirisha. Mwalimu mkuu alipofika kwenye ajenda yetu aliwatoa wote uani, penye kile kinawio tulichokirudisha asubuhi. Alimpa shemeji nafasi ya kusema. Nilijiandaa kwa hotuba ndefu.

"Hakijakamilika," shemeji akasema. "Kosa la kwanza nililifanya mimi. Haya mengine waulizeni wenye kazi."

Akarudi nyuma, akasimama karibu yangu, akafunga mdomo. 

Wasichana walikuwa wamekuja na ubao mrefu wa jukwaa, mita tatu, na lile bomba la duara. Kwanini akamtazama baba yake, mwenyekiti, aliyevaa koti lake la mikutano.

"Baba, njoo usimame hapa."

"Nisimame kwa nini?"

Wazazi wakacheka, maana jina la mtoto walilijua, sasa wakajua limetoka wapi. Mzee akapanda mwisho wa ubao. Mwisho wa pili wakampandisha yule mtoto wa darasa la kwanza mwenye mapengo, mmoja akimshika mkono. Egemeo lilikuwa katikati. Mtoto akaning'inia juu kama nguo kwenye kamba.

"Shuka kidogo, Baba. Sasa tunasogeza." Wakalisukuma bomba mpaka likawa karibu na viatu vya mzee, nusu mita tu. "Panda. Usishike ukuta."

"Sijashika ukuta."

"Umeugusa."

Mtoto akapanda upande wake. Ubao ukashuka taratibu, na mwenyekiti wa kamati ya wazazi akanyanyuka kutoka ardhini, kiasi cha kimo cha kiganja, akiwa amenyoosha mikono kama anayevuka mto. Mtoto wa mapengo akamtazama kwa huruma.

"Wewe mwepesi," akamwambia.

Baada ya hapo mkutano haukuwa mkutano tena. Mama mmoja alimpa jirani mtoto aliyembeba mgongoni akapanda. Wanaume wawili wakaanza kubishana bomba liwekwe wapi, mpaka msichana wa darasa la tano akawaambia waache kubishana, wapime. Mwalimu mkuu alipiga makofi mara mbili kuwarudisha kwenye ajenda, hakuna aliyegeuka. Mwishowe naye akaonekana amechuchumaa, anahesabu hatua za unyayo kutoka kwenye bomba.

Mwenyekiti alikuwa amekwenda kwenye kinawio. Alikanyaga, maji yakatoka. Akamwita yule mtoto, naye akakanyaga kwa mguu mmoja, yasitoke.

"Mbona hiki chenu hakifanyi kama ubao?" akamuuliza binti yake.

"Kiko tundu la tatu. Kinatakiwa la nne, lakini halijaisha. Ncha imekatikia ndani, hii hapa, gusa."

Akagusa. Akalitazama lile tundu la nusu kwa karibu, jinsi anavyotazama kitambaa chenye kasoro kabla ya kusema bei.

"Mmetoboa kwa mkono?"

"Kwa mkono."

"Mtamaliza lini?"

"Jumatano," Kwanini akasema. Kisha akaongeza, "Kama Jumatano zipo."

Mzee akajiweka sawa koti. 

"Nani kasema hazipo?" akauliza.

Kicheko kilichotoka hapo kilisikika hadi barabarani, kwa sababu kila mtu alijua ni nani. Naye akacheka mwishoni, kidogo, kwa upande mmoja wa mdomo. Sharti lake lilikuwa moja: sweta la shule lisitobolewe tena. Jumatatu alituletea kitambaa kigumu cha buluu cha kushonea aproni, mita za kutosha. Jumatatu hiyohiyo nikaifuata ncha mpya dukani.

Jumatano wakaja ishirini na wawili, na miwani ya kinga tulikuwa nayo kumi na miwili. Shemeji akawagawa mafungu mawili, lake na langu, waazimane miwani kwa zamu. Nikamwambia siwezi kufundisha. Akaniambia hakuna aliyenitaka nifundishe, nisimame tu karibu yao niwe na wasiwasi, watajifunza wenyewe. Fungu langu likaniangalia. Nikasafisha koo, nikawaambia, "Huu ni msumeno wa chuma." Wakasema wanajua. Nikaona basi, mambo yamekwenda vizuri.

Tundu la nne lilitoboka saa kumi na nusu, ncha ikatokea upande wa pili na kijiti cha chuma kilichojikunja kama unywele. Tukakipeleka kile chuma bapa shuleni, Kwanini akakaza bolti kwa spana, mwalimu akajaza pipa. Yule mtoto wa darasa la kwanza alikuwa anatusubiri uani na dada yake. Akakanyaga kwa mguu mmoja. Maji yakatoka, si mengi, ila ya kutosha mikono miwili midogo.

Hakunawa. Aliondoa mguu, maji yakakatika. Akakanyaga tena, akainama kutazama chini ya pipa.

"Nawa, mwanangu, maji yanamwagika," shemeji akamwambia.

"Ngoja kwanza. Nataka kuona kile kinachopanda."

Shemeji alisimama na mikono kiunoni akimtazama mtoto anavyokanyaga na kuchungulia, kukanyaga na kuchungulia, mpaka pipa likaanza kutoa sauti ya kuisha. Mwalimu akataka kumzuia.

"Mwache," shemeji akasema, kisha akanigeukia mimi. "Shem, kachukue ndoo. Lete maji mengine."